Fiziotherapia katika idara ya dharura: nani anaongoza, na wewe mlezi ufanye nini

Watu wengi hukutana na mtaalamu wa fiziotherapia mwishoni mwa matibabu. Plasta imeshatolewa, kidonda kimeshafunga, na sasa mtoto anapelekwa mazoezi ili anyooshe mkono. Lakini kazi hiyo inapaswa kuanza mapema zaidi, siku ileile mgonjwa anapopokelewa au kesho yake, wakati bado ana dripu mkononi na wewe bado hujapata hata pa kukaa.

Ukurasa huu ni kwa mama, baba, bibi au mlezi yeyote anayekaa na mgonjwa aliyepitia mapokezi ya dharura. Unaeleza timu ya fiziotherapia inafanya nini katika siku hizo za mwanzo, kiongozi wake anaamuaje nani aonwe kwanza, na wewe unaweza kufanya nini pale kitandani.

Jambo kubwa la kukumbuka ni hili. Mtaalamu anakaa na mgonjwa wako kwa muda mfupi tu, mara nyingi nusu saa au chini ya hapo kwa siku. Saa zote zilizobaki mgonjwa yuko na wewe na wauguzi. Ndiyo maana kiongozi mzuri wa timu anapopanga kazi ya siku, anakuhesabu na wewe.

Fiziotherapia ni nini, na kwa nini ianze mapema?

Fiziotherapia ni tiba inayotumia mkao, mwendo, mazoezi na vifaa kama gango, magongo na kiti cha magurudumu ili mwili uendelee kufanya kazi zake. Wengi huiita "kukanda", lakini kukanda ni sehemu ndogo tu ya kazi hiyo, na wakati mwingine hakutakiwi kabisa.

Mwili usiosogezwa hubadilika haraka:

- Misuli huanza kupoteza nguvu ndani ya siku chache.
- Mapafu ya mtu anayelala chali muda wote hayajai hewa vizuri, na makohozi hutuama.
- Ngozi inayogandamizwa na godoro hukosa damu. Kwa mtu asiyeweza kujigeuza, kidonda kinaweza kuanza ndani ya saa chache.
- Kiungo kinachoachwa kimekunjwa huzoea kukunjwa, hasa kikiwa kimeungua au kimepooza.

Somo hili lilionekana wazi baada ya tetemeko la ardhi la Haiti mwezi Januari 2010. Watu wengi walifanyiwa upasuaji wa haraka, kisha wakakosa mtu wa kuwaendeleza baada ya madaktari wageni kuondoka. Mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani lilitoa viwango kwa timu za matibabu ya dharura. Timu inayofanya upasuaji na kulaza wagonjwa inatakiwa kuwa na angalau mtaalamu 1 wa utengamao kwa kila vitanda 20. Maana yake ni kwamba utengamao ni sehemu ya huduma ya dharura yenyewe, hausubiri dharura iishe.

Kwetu, idara za dharura zenye wataalamu wake bado ni jambo jipya. Hospitali ya Taifa Muhimbili jijini Dar es Salaam, kwa mfano, ilifungua ya kwake mwaka 2010. Kwa hiyo usione aibu kuuliza maswali. Familia nyingi zinakutana na huduma hii kwa mara ya kwanza.

Kiongozi wa timu anafanya nini?

Katika hospitali kubwa anaitwa mkuu wa kitengo au msimamizi wa zamu. Katika hospitali ndogo anaweza kuwa mtaalamu mmoja tu, naye ndiye kiongozi na ndiye timu. Mara nyingi kazi zake ni hizi:

- Asubuhi anapokea taarifa kutoka kwa wauguzi na madaktari: nani ameingia usiku, nani amefanyiwa upasuaji, nani hali imebadilika.
- Anapanga nani aonwe kwanza, na amuone nani. Mgonjwa mwenye hatari kubwa hupewa mtaalamu mwenye uzoefu. Mwanafunzi akimshika mgonjwa, anasimamiwa.
- Anakubaliana na daktari mipaka: mguu huu usikanyagiwe bado, shingo hii isigeuzwe, huyu akae kitandani lakini asisimame.
- Anahakikisha kilichofanyika kimeandikwa kwenye faili ili zamu inayofuata iendelee pale ilipoachwa.
- Anahakikisha mlezi ameonyeshwa, naye amejaribu mwenyewe mbele ya mtaalamu.
- Anaamua pia lini kazi isifanyike. Kumwacha mgonjwa apumzike ni uamuzi wa kitaalamu, na una sababu zake.

Utauona uongozi huu wazi wakati wa kumgeuza mgonjwa anayehofiwa kuumia shingo au mgongo. Watu wanne au zaidi husimama kuzunguka kitanda. Aliyeshika kichwa ndiye anayehesabu, na wengine hawasogei mpaka aseme. Hata kama aliyeshika miguu ana cheo kikubwa zaidi, anamsubiri wa kichwani. Ukiombwa kusaidia, shika pale ulipoonyeshwa na usubiri neno lake. Usimwinue mgonjwa wa namna hii peke yako, hata kama anakuomba umkalishe.

Una haki ya kujua anayemshika mwanao ni nani. Muulize jina na kazi yake. Nchini Kenya, kwa mfano, sheria ya mwaka 2014 iliunda baraza linalosajili wataalamu wa fiziotherapia na kuwapa leseni. Mtaalamu wa kweli hachukii kuulizwa.

Kwa nini mgonjwa wa kitanda cha pili ameonwa kwanza?

Hili huwaumiza walezi wengi. Umekaa tangu alfajiri, na mtaalamu amekupita akaenda kwa mwingine. Kiongozi hafuati foleni ya kufika. Kwa kawaida anajiuliza maswali matatu:

1. Nani yuko hatarini sasa hivi? Hapa wamo wale ambao makohozi yanawaziba na hawana nguvu ya kukohoa.
2. Nani ataumia zaidi tukichelewa hadi kesho? Hapa wamo walioungua karibu na viungo, waliopooza, wasioweza kujigeuza, waliotoka kwenye upasuaji, na wanaoruhusiwa leo bila kujua kutumia magongo.
3. Nani anaweza kusubiri bila madhara, mradi mlezi ameelekezwa la kufanya?

Mgonjwa wako akiwa kundi la tatu, hajasahaulika. Lakini kundi hilo lina sharti, nalo ni kwamba uwe umepewa maelekezo. Kama hujapewa, mwambie muuguzi: "Naomba kuelekezwa mkao na mazoezi ya leo wakati tunasubiri." Ombi hilo ni dogo na lina uzito kuliko kulalamikia foleni.

Na hali ikibadilika, sema mara moja. Kiongozi alipanga kwa taarifa ya asubuhi. Wewe ndiye unayeona kwamba saa sita mchana vidole vimebadilika rangi.

Mtoto aliyeungua: mkao unaomtuliza ndio unaomkunja

Tuseme mtoto wa miaka 2 amevuta sufuria ya uji, ukamwagikia shingoni, kifuani na kwapani. Huduma ya kwanza ni maji safi ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20. Yanasaidia hata kama saa 3 hazijapita tangu aungue. Vua nguo na shanga zisizogandia ngozi, funika jeraha kwa kitambaa safi, mfunike sehemu nyingine asipate baridi, kisha mwahi hospitali. Usipake dawa ya meno, yai, unga, mafuta wala barafu.

Baada ya kulazwa, shida ya pili huanza kimyakimya. Mtoto anayeumwa hujikunja. Kidevu hushuka kifuani na mkono hubana ubavuni. Kila mzazi angemwacha hivyo, kwa sababu akijikunja analia kidogo. Lakini ngozi inayopona hujivuta, nayo itapona kwa umbo alilolala nalo. Mtoto aliyeachwa amejikunja anaweza kubaki asiyeweza kuinua uso au kunyanyua mkono kuvaa shati, na kunyoosha kovu lililokomaa mara nyingi hudai upasuaji.

Kwa hiyo timu hupanga mkao tangu mwanzo. Kwa kawaida huwa hivi, isipokuwa daktari au mtaalamu ameagiza vingine:

- Shingo ikiungua kwa mbele, mtoto alale bila mto na kidevu kiwe juu.
- Kwapa likiungua, mkono ukae mbali na mwili, umepanuliwa pembeni.
- Kiwiko kikiungua kwa ndani, mkono unyooshwe.
- Goti likiungua kwa nyuma, mguu unyooshwe, usiwekewe mto chini ya goti.
- Mguu ukiungua kwenye kifundo, wayo usimame wima kama amekanyaga chini.
- Kiganja na vidole vina mkao wake maalumu. Mtaalamu atatengeneza gango, na kila kidole kitafungwa peke yake ili vidole visishikane.

Uliza pia utamnyonyeshaje. Kuna namna ya kumpakata mtoto bila kukunja shingo iliyoungua, na mtaalamu au muuguzi anaweza kukuonyesha.

Mazoezi yanauma. Muulize muuguzi dawa ya maumivu itatolewa saa ngapi, ili mazoezi yafanyike ikiwa imeshaanza kufanya kazi. Kati ya mazoezi, tumia mchezo. Mwekee kitu anachokipenda juu kidogo na pembeni ili akifuate kwa mkono ulioungua. Mtoto akinyoosha mkono mwenyewe kufuata mpira, analia kidogo kuliko akinyooshwa na mtu mzima.

Na usiache kidonda kinapofunga. Kovu la moto huendelea kujivuta kwa miezi mingi, mara nyingi mwaka mmoja hadi miwili. Wengi huacha kwenda kliniki ngozi ikishakauka, na hapo ndipo mkono huanza kukunjika tena.

Mtoto aliyevunjika na kufungwa plasta

Plasta ngumu, ile wengi wanayoiita hogo, hushikilia mfupa usisogee. Sehemu iliyovunjika huendelea kuvimba kwa siku za mwanzo, lakini plasta haipanuki. Uvimbe ukizidi, damu haipiti vizuri na misuli iliyo ndani huanza kufa. Madhara yanaweza kuwa ya kudumu ndani ya saa 6 hivi. Mkono hubaki umekunjika vidole kama kucha za ndege. Daktari wa Ujerumani, Richard von Volkmann, aliandika kuhusu ulemavu huu mwaka 1881 akautaja kuwa unatokana na bendeji zilizokaza mno. Bado unatokea leo, iwe kwa plasta ya hospitali au kwa vijiti vya mganga wa kuunga mifupa.

Kwa siku 2 hadi 3 za mwanzo:

- Inua mkono au mguu uliofungwa uwe juu kuliko moyo, kwa mito au khanga zilizokunjwa.
- Mhimize mtoto achezeshe vidole mara nyingi kila saa akiwa macho.
- Plasta ya chokaa huchukua kama saa 48 kukauka kabisa. Usiikaushe kwa moto, wala usiilaze juu ya kitu kigumu chenye ncha.
- Usiingize kijiti wala sindano ya kufumia ndani kukuna.

Mwite muuguzi mara moja, au kama mko nyumbani rudi hospitali usiku huohuo, ukiona hata dalili moja kati ya hizi:

- maumivu yanazidi badala ya kupungua, na dawa haisaidii;
- mtoto anapiga kelele ukinyoosha vidole vyake taratibu;
- ganzi, au vidole haviwezi kusogea;
- vidole vimekuwa vya baridi, vimepauka au vimekuwa bluu. Kwa ngozi nyeusi angalia kucha na kiganja;
- harufu mbaya, usaha au homa.

Mtoto mdogo hawezi kusema "nina ganzi". Atalia bila kutulizika. Usikubali kuambiwa usubiri hadi asubuhi kwa sababu "kuvunjika kunauma". Sema waziwazi: "Maumivu yanazidi tangu afungwe plasta, naomba iangaliwe sasa."

Mtoto anayepumua kwa shida: kwa nini hawampigi kifua?

Walezi wengi hutegemea kwamba mtaalamu wa fiziotherapia atampigapiga mtoto mgongoni au kifuani ili makohozi yatoke. Asipofanya hivyo wanaona mtoto ametelekezwa.

Ukweli ni kwamba kwa watoto wachanga wengi wenye maambukizi ya vijia vidogo vya hewa, tafiti hazikuonyesha kwamba kumpigapiga huharakisha kupona. Mwongozo wa taasisi ya NICE ya Uingereza wa mwaka 2015 unasema isifanywe kwa kawaida. Inaweza kumchosha mtoto ambaye nguvu zake zote anazihitaji kwa kupumua. Kinachomsaidia ni oksijeni akiihitaji, maji au maziwa kidogo kidogo, pua iliyosafishwa, na utulivu.

Wapo watoto wanaoihitaji: wenye ugonjwa wa misuli, wenye mtindio wa ubongo, au wengine wasio na nguvu ya kukohoa. Hawa kiongozi wa timu huwaweka mbele kabisa kwenye orodha. Kama mwanao ana hali ya namna hiyo, sema mapema pale mapokezi, usisubiri kuulizwa.

Nyumbani, usimning'inize mtoto kichwa chini na usimpige kifua. Mpeleke kituo cha afya haraka akipumua mara 60 au zaidi kwa dakika akiwa chini ya miezi 2, mara 50 au zaidi akiwa na miezi 2 hadi 11, au mara 40 au zaidi akiwa na mwaka 1 hadi 5. Hesabu kwa dakika nzima akiwa ametulia. Usihesabu kwanza, kimbia, ikiwa kifua kinabonyea ndani, hawezi kunyonya au kunywa, anatapika kila kitu, ana degedege, au amelegea na haamki vizuri.

Hapa usikande

Kazi mojawapo ya kiongozi wa timu ni kusimamisha mazoezi mpaka chanzo kijulikane. Kuna hali tatu ambazo mara nyingi huanzia kwa mkandaji wa mtaani, nazo zilipaswa kuanzia kwa daktari.

*Mguu au mkono uliolegea ghafla.* Mtoto wa chini ya miaka 15 ambaye kiungo chake kimelegea ghafla bila ajali lazima atolewe taarifa, kwa sababu inaweza kuwa polio. Wahudumu watachukua sampuli 2 za kinyesi, moja baada ya nyingine kwa tofauti ya angalau saa 24, ndani ya siku 14 tangu alegee. Ukipita kwa mkandaji wiki tatu, muda huo umepotea. Kama mguu ulilegea baada ya sindano ya makalio, taja hilo pia, bila kuficha.

*Kiungo kilichovimba chenye homa.* Mtoto anayekataa kukanyaga, goti au nyonga inauma ukiigusa, na ana homa, anaweza kuwa na usaha ndani ya kiungo. Usaha huo huharibu kiungo ndani ya siku chache. Anahitaji daktari leo.

*Mtoto mchanga asiyesogeza mkono mmoja.* Uzazi mgumu unaweza kuvuta mishipa ya fahamu ya bega. Wengi hupona, lakini waonwe na mtaalamu tangu wiki za mwanzo. Usimnyanyue kwa mikono, na usimvute bega. Kama ikifika miezi 3 bado hawezi kukunja kiwiko, anahitaji kuonwa na daktari wa upasuaji.

Bibi au babu aliyepata kiharusi

Mlezi wa mtoto mara nyingi ndiye pia mlezi wa mzee. Baada ya kiharusi, familia hugawanyika. Wengine wanataka mzee alale tu, wengine wanataka atembezwe kwa nguvu ili "mishipa ifunguke". Yote mawili yana hatari.

Mwaka 2015 jarida la kitabibu la Lancet lilichapisha utafiti uitwao AVERT, wa wagonjwa 2,104 wa kiharusi katika nchi 5. Kundi moja lilianza kusimama na kutembezwa mapema zaidi, kwa muda mrefu zaidi, ndani ya siku ya kwanza. Baada ya miezi 3, walioweza kujitegemea katika kundi hilo walikuwa wachache kidogo kuliko waliopata huduma ya kawaida. Kwa hiyo mtaalamu akisema "leo tutakaa ukingoni mwa kitanda mara chache, dakika chache", anafuata kipimo. Mazoezi yana kipimo kama vidonge.

Wakati huohuo:

- Usimvute mzee kwa mkono uliopooza, wala usimnyanyue kwa kumshika kwapa. Bega huteguka kirahisi.
- Mkono uliopooza uwekwe juu ya mto, usining'inie.
- Saidia kumgeuza kila baada ya saa 2 hivi, na angalia ngozi ya makalio, nyonga na visigino.
- Usimpe uji wala maji mpaka wahudumu wamejaribu kama anameza vizuri. Chakula kinaweza kuingia mapafuni.

Maswali ya kumuuliza mtaalamu

Andika majibu, au mwombe mtu mwingine wa familia asikilize nawe. Ukiwa na wasiwasi mwingi, maneno hupita bila kukaa kichwani.

- Mgonjwa wangu alale mkao gani, na mkao gani ni marufuku?
- Kitu gani kimoja nikifanye, mara ngapi kwa siku?
- Kitu gani nisifanye kabisa?
- Maumivu ya aina gani ni ya kawaida, na yapi yananitaka niite mtu?
- Anaruhusiwa kukaa, kusimama, kukanyaga? Kuanzia lini?
- Umeandika kwenye faili? Zamu ya usiku wanajua?
- Nani anaongoza timu leo, na nikimhitaji nimpate wapi?

Kabla mtaalamu hajaondoka, mwambie: "Naomba nifanye mimi, wewe uangalie." Kuona si sawa na kujua.

Swali jingine liulize kila Ijumaa: "Jumamosi na Jumapili nani atafanya mazoezi?" Katika hospitali nyingi timu ya mwisho wa wiki ni ndogo au haipo. Siku mbili za kujikunja kwa mtoto aliyeungua ni nyingi. Kama jibu ni wewe, basi uwe umefundishwa kabla ya Ijumaa jioni.

Siku ya kuruhusiwa

Usiondoke bila haya:

- tarehe ya kurudi kliniki ya fiziotherapia, iliyoandikwa;
- mazoezi ya nyumbani, ikiwezekana kwa michoro au picha ulizopiga kwa simu yako mwenyewe kwa ruhusa yao;
- magongo au gango linalomtosha, na mgonjwa ameshajaribu kulitumia, pamoja na ngazi na choo kama cha nyumbani kwenu;
- jina la kituo kilicho karibu na kwenu kinachotoa huduma hii.

Sema ukweli kuhusu nyumba yenu. Kama choo ni cha kuchuchumaa na kiko nje, kama maji mnachota mbali, kama kurudi hospitali kunahitaji nauli ya mabasi mawili, mtaalamu anahitaji kujua ili apange mazoezi yanayowezekana. Akisikia "sawa, sawa" tu, atapanga ya kwenye kitabu.

Kama gharama inakukwamisha, usikatishe kliniki kimya kimya. Uliza ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali kama kuna msamaha au msaada, na umwambie mtaalamu. Mara nyingine ziara nne zinaweza kupangwa kuwa mbili, huku wewe ukifanya kazi kubwa nyumbani.

Ukiwa hukubaliani nao

Unaweza kuuliza sababu, kuomba maelezo kwa lugha unayoielewa, na kuomba kusimamisha zoezi kwa muda mgonjwa akizidiwa na maumivu. Anza na mtaalamu mwenyewe. Usiporidhika, omba kuonana na kiongozi wa timu, kisha muuguzi mkuu wa wodi. Eleza ulichokiona: saa ngapi, nini kilibadilika, nani ulimwambia. Taarifa ya namna hiyo humsaidia kiongozi kupanga upya orodha yake, na huenda mgonjwa wako akapanda juu.

Usimwondoe mgonjwa hospitali kwa hasira bila kujua mkao, mazoezi na dalili za hatari. Hata ukiamua kuhamia kwingine, vipate hivyo kwanza, vimeandikwa.

*Maelezo haya ni ya kukuelimisha na hayachukui nafasi ya ushauri wa mhudumu anayemwona mgonjwa wako. Maelekezo aliyopewa mgonjwa wako yakitofautiana na yaliyoandikwa hapa, fuata aliyopewa, na uliza sababu.*